Meza ya Watu Tisa na Mtu wa Mazingaombwe

Alhamisi ijayo, Mungu akitujalia uzima, mama yangu ataketi kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe katika mgahawa wa hoteli moja pale Capri Point, Mwanza, na mbele yake atasimama kijana mwenye karata 21 mkononi. Mama amestaafu ualimu mwezi uliopita, baada ya kufundisha Hisabati katika shule za msingi kwa miaka 37, na sisi watoto wake wanne tulikubaliana tumfanyie jambo lisilofanana na sherehe nyingine alizowahi kuhudhuria. Hatukutaka ukumbi wa viti mia tatu, mshereheshaji mwenye kipaza sauti na keki ya kulishana. Tulitaka usiku mmoja wa chakula kizuri, watu tisa tu wa karibu, na mazingaombwe. Kazi ya kuupanga usiku huo nilikabidhiwa mimi, na kwa muda wa wiki sita sasa nimejifunza mambo ambayo sikuyatarajia, ndiyo maana nayaandika kabla siku yenyewe haijafika.

Nianze na sababu ya mazingaombwe. Yeyote aliyesoma shule ya msingi nchini mwetu anaikumbuka siku hiyo. Mwalimu mkuu alitangaza mstarini kwamba kesho kila mtoto aje na kiingilio, na kesho yake madawati yalisukumwa ukutani, madirisha yakazibwa kwa kanga na magazeti, kisha mtu mwenye koti la mifuko mingi akaingia na sanduku lake. Nilikuwa darasa la tatu nilipomwona mtu wa namna hiyo akimeza nyembe moja baada ya nyingine, akanywa maji, halafu akazivuta kutoka mdomoni zikiwa zimefuatana kwenye uzi mmoja kama dagaa waliotungwa kwenye kamba. Wenzangu walipiga mayowe. Mimi nilimtazama mama, ambaye alifundisha katika shule hiyo hiyo. Alikuwa ameegemea mlango, anatabasamu, na midomo yake inacheza kidogo kama mtu anayehesabu.

Siku iliyofuata aliingia darasani na vipande 21 vya karatasi alivyovikata kutoka kwenye majalada ya daftari kuukuu, kila kimoja kikiwa na namba yake. Alimtaka mwanafunzi achague kipande kimoja moyoni bila kukitaja, akavigawa kimoja kimoja katika safu tatu za vipande saba saba, akauliza kipande hicho kiko safu ipi, akavikusanya kwa kuiweka safu iliyotajwa katikati ya zile mbili, akavigawa tena, na mara ya tatu akafanya vile vile. Kisha alihesabu kutoka juu, kwa sauti ya taratibu, na akafunua kipande cha 11. Kilikuwa chenyewe. Akarudia kwa mwanafunzi mwingine, na mwingine, na kila mara kilikuwa cha 11. Hakutueleza chochote. Alitupa muda hadi Ijumaa, na kwa siku zile darasa zima lilikuwa sakafuni likipanga karatasi. Ijumaa alituonyesha ubaoni kwamba kila mgao unawabana watuhumiwa: baada ya kukusanya mara ya kwanza wanabaki saba, baada ya mara ya pili hawazidi watatu, na mara ya tatu anabaki mmoja, naye hana pa kwenda isipokuwa katikati kabisa ya fungu. Nilishangaa kuliko nilivyoshangazwa na nyembe. Kuanzia siku hiyo nimeamini kwamba jambo la ajabu linaweza kuelezwa na likabaki la ajabu, na ndilo ninalotaka mama arudishiwe Alhamisi.

Hata hivyo, mezani hapo atakuwepo pia shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na kwa ajili yake ilinibidi niufikirie upya mpango mzima.

Shangazi aliishi kijijini upande wa Shinyanga, katika eneo ambalo miti imekwisha na watu wengi hupikia samadi iliyokaushwa. Moshi wa miaka mingi uliyafanya macho yake kuwa mekundu, kama ulivyoyafanya macho ya wanawake wengi wa umri wake. Ng'ombe wa jirani walipokufa mfululizo, maneno kwamba mwenye macho mekundu ni mchawi yakaanza kisimani, yakahamia kilabuni, na sisi sote tunaoishi Kanda ya Ziwa tunajua maneno ya aina hiyo yamewafikisha wapi kina bibi wengi wasio na hatia. Baba alikwenda kumchukua usiku kwa gari la kukodi. Alikuja kwetu Nyakato na begi moja na kuku wawili, na hajarudi tena kijijini kwake hata kwa mazishi. Katika nyumba yetu neno uchawi halitamkwi kwa mzaha.

Kiswahili chenyewe kimetupa maneno ya kutosha ya kutenganisha mambo haya. Mazingaombwe na kiinimacho ni mchezo wa kuyazuga macho, na anayeucheza hujulikana, hulipwa na hupigiwa makofi. Uchawi na ulozi ni tuhuma ya kudhuru watu kwa siri. Lakini katika mazungumzo ya kila siku mpaka huo huvukwa ovyo. Nimesikia watu wazima, wenye elimu, wakimtazama mtu wa karata na kunong'onezana kwamba yule si bure, ana vitu vyake. Nong'ono hiyo kwangu si ndogo, kwa kuwa ndiyo mbegu ile ile iliyoota kisimani.

Katika kusoma kwangu nilikutana na habari iliyonipa nguvu. Mwaka 1584, huko Uingereza, bwana mmoja aitwaye Reginald Scot alichapisha kitabu cha kupinga mateso waliyofanyiwa watu walioitwa wachawi, ambao wengi wao walikuwa wanawake wazee na maskini. Ndani ya kitabu hicho aliweka sehemu nzima ya kueleza jinsi michezo ya karata, sarafu na mipira inavyofanywa kwa mikono, ili wasomaji waone kwamba jambo linaloshangaza macho halihitaji shetani. Wanaofuatilia historia ya mazingaombwe hukihesabu miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Kiingereza kueleza kazi yao. Kwa hiyo, zaidi ya karne nne zilizopita, mtu mmoja aliona kwamba mazingaombwe yakielezwa vizuri yanaweza kumlinda bibi kizee. Niliposoma hayo nilijua kwamba shangazi hataachwa nyumbani Alhamisi, na kwamba hataletwa mezani bila kuambiwa kinachomsubiri.

Wala mchezo wa kushangaza si mgeni kwetu Wasukuma. Katika mashindano ya ngoma, ambako Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyoshindana tangu zamani, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kundi linalokimbiliwa na watazamaji wengi ndilo lililoshinda, na kwa sababu hiyo wachezaji hubuni kila namna ya kuwavuta watu: Bayeye, chama cha watu wa nyoka, hucheza na nyoka hai, wengine huvaa na kuigiza mambo ambayo huwezi kuyapa kisogo. Mtu akitaka kuona haya leo, aende Bujora, pale Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu inayoambatana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Shangazi alikuwa Mgalu, mmoja wa Bagalu, katika ujana wake, na hadi sasa akisikia ngoma ya bugobogobo mabega yake hujibu kabla yeye hajaamua. Anachokiogopa si maajabu. Anaogopa kutojua ni nani anayenyoshewa kidole baada ya maajabu.

Miaka mitatu iliyopita nilishuhudia jinsi jambo hili linavyoharibika. Ilikuwa mahafali ya binamu yangu, katika ukumbi mmoja wa hapa mjini, na waandaaji walimleta mtu wa mazingaombwe bila kumwambia yeyote. Aliingia gizani, taa zikawashwa, akaenda moja kwa moja kwa mama mmoja wa makamo na kuchomoa kitambaa kirefu chekundu kutoka kwenye kilemba chake. Mama yule hakuombwa ruhusa. Alishika kichwa kwa mikono miwili na kuanza kukemea kwa jina la Yesu, na mtu wa nyuma akasema kwa sauti kwamba huyu ana majini. Nusu ya wageni walitoka kabla pilau haijapakuliwa. Ufundi wa yule mtu ulikuwa mzuri sana, nakiri, na kitambaa kilitoka laini kama maji. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyewaandaa watu, na mgeni wa watu aligeuzwa kuwa chombo cha kazi.

Kwa hiyo kabla sijatafuta hoteli nilitafuta mtu. Sikupata mjini hapa mgahawa wenye ratiba yake ya mazingaombwe ya usiku, ikanibidi niunganishe mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali. Kijana niliyempata anaishi Igoma, hufanya kazi katika shule na katika sherehe za kuwaaga mabinti, na nilipomwomba tuonane hakuja na sanduku. Alikuja na pakiti ya karata na sarafu nne mfukoni. Hilo lilinifurahisha, kwa sababu mazingaombwe ya mezani ni kazi tofauti kabisa na ya jukwaani. Huko Hollywood, Marekani, kuna klabu maarufu iitwayo Magic Castle, iliyofunguliwa mwaka 1963 katika jumba la zamani, ambako wageni wa wanachama huvaa nguo rasmi za jioni, hula, kisha huingia katika vyumba vya maonyesho vilivyotengwa kwa ukubwa: kuna ukumbi wa jukwaa, kuna sebule, na kuna chumba kidogo cha michezo ya karibu, ambako watazamaji hukaa hatua chache tu kutoka mikononi mwa msanii. Meza ya watu tisa ni chumba hicho kidogo. Mtu aliyezoea kuwashangaza watoto mia tatu kutoka mbali anaweza kushindwa kabisa mbele ya shangazi mmoja anayemtazama vidole.

Nilimwomba afanye jambo moja polepole, mimi nikiwa nimekaa umbali wa mkono. Aliweka saba ya kopa juu ya fungu, akanitazama usoni, akaniuliza jina la mama yangu ni nani, nami nilipoinua macho kumjibu, kazi ilikuwa imekwisha. Ndivyo ufundi huu unavyokwenda. Jicho la mtazamaji hufuata kile anachokitazama msanii, swali humfanya mtu aiache mikono na kutafuta jibu, mwendo mkubwa wa mkono mmoja huficha mwendo mdogo wa mwingine, na sekunde baada ya kicheko ndiyo sekunde ambayo hakuna anayelinda chochote. Sikumuuliza alivyofanya, wala sitaki kujua kabla ya Alhamisi.

Tulikubaliana masharti kwa maandishi, ukurasa mmoja, tukatia saini wote wawili. Hakuna mnyama hai, hakuna moto, hakuna wembe wala sindano. Hatamgusa mtu mzima mwili wala vazi bila kumwomba kwanza, na akikataliwa ataendelea kwa mtu mwingine bila utani wowote juu ya aliyekataa. Hatajifanya anasoma nyota wala anajua siri za mtu. Na sharti ambalo lilimgusa zaidi ni kwamba hatafanya ule mchezo wa kugeuza karatasi kuwa noti, ingawa aliniambia ndio unaoshangiliwa kuliko yote. Nilimweleza sababu. Mjini kuna matapeli wa kuzidisha pesa, wanaomwonyesha mtu noti moja ikigeuka mbili ili alete akiba yake yote, na mchezo wanaotumia ni huo huo wa mikono. Sitaki jirani yetu mmoja aliyealikwa, ambaye aliwahi kupoteza mtaji wa mwaka mzima kwa njia hiyo, akae mezani kwangu akikumbushwa siku ile. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba hata yeye amewahi kufuatwa na watu wakimtaka awafanyie kazi hiyo.

Kuhusu mavazi, yeye alitaka kuvaa joho jeusi lenye nyota. Nilimwambia habari za Robert-Houdin, Mfaransa fundi wa saa aliyefungua ukumbi wake Paris mwaka 1845, ambaye alifanya maonyesho yake akiwa amevaa suti ya jioni kama walivyovaa watazamaji wake, na ambaye aliandika kwamba mtu wa mazingaombwe ni mwigizaji tu aliyepewa nafasi ya mtenda maajabu. Kijana atavaa shati jeupe la mikono iliyokunjwa hadi kiwikoni. Naona ndilo vazi linalosema kweli kuliko yote: mikono hii hapa, itazameni.

Hoteli niliichagua kwa kwenda mara tatu, mara mbili mchana na mara moja usiku, na ile ya usiku ndiyo iliyoniokoa. Mchana nilikuwa nimependa meza iliyo mbele ya dirisha kubwa, ambako kisiwa cha Saanane kinaonekana na mitumbwi inapita majini. Niliporudi saa mbili usiku niliona kwamba dirisha lile lilikuwa limegeuka kioo. Mhudumu alisimama mbele yake na trei, na nikauona mgongo wake wote, mikono yake aliyoifunga nyuma, hata kalamu aliyoichomeka mfuko wa nyuma wa suruali. Kama kijana wetu angesimama pale, kila alichokificha kingesomwa na watu tisa. Nilimwomba meneja ageuze mpangilio wote: wageni watakipa kisogo kioo, na kijana atasimama mbele ya ukuta wa mawe. Meza yenyewe itapangwa kwa umbo la nusu mwezi ili asiwepo mtu wa kumtazama kutoka nyuma.

Ziwa hatutalikosa. Mwanza iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua letu huzama karibu saa moja usiku, na tofauti ya msimu ni ndogo. Wageni wataalikwa saa kumi na mbili kamili, watakunywa juisi ya ukwaju na kahawa barazani, watalitazama jua likishuka nyuma ya ghuba na miamba ikibadilika rangi, kisha saa moja wataingia ndani. Kubaki nje nilikufikiria na nikakuacha. Upepo ungezibeba karata, na kuna nyakati ambapo vijidudu vya ziwani hupanda kutoka majini kama moshi na kuzifuata taa. Nimewahi kuona sahani nyeupe ikigeuka ya kijivu kabla chakula hakijaliwa.

Chakula nilikipanga kwa kufuata mikono. Mama anapenda sato mzima wa kukaanga, lakini sato ana miiba, huliwa kwa vidole, na vidole vyenye mafuta na karata havipatani. Tulichagua minofu ya sangara iliyochomwa kwa ndimu na tangawizi, pamoja na wali na mchicha, na mbele yake supu ya maboga. Mpishi alinishangaza kwa wema wake. Nilipomwambia kwamba mstaafu wetu ni Msukuma na kwamba katika utoto wake sikukuu haikukamilika bila michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, alijitolea mwenyewe kupika michembe kwa karanga zilizotwangwa na kuiandaa katika vibakuli vidogo vya udongo baada ya mlo, ilimradi nimletee michembe yenyewe. Nimeshaipata sokoni, imekauka vizuri, nyeupe.

Mazingaombwe yatagawanywa mara tatu. Dakika kumi baada ya supu, wakati jikoni wanamalizia samaki, kijana atacheza na sarafu na leso ya mezani. Hakuna kitakachofanyika chakula kikiwa moto mbele ya watu, kwa sababu si haki kwa mpishi wala kwa mlaji. Sahani zikiondolewa na watu wakishanawa, ndipo itakapokuja sehemu ndefu, robo saa nzima, na hapo ndipo zitakapotoka karata 21. Atamkabidhi mama. Yeye mwenyewe ndiye atakayegawa na kuuliza, kwa sauti yake ya darasani, na kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa sakafuni pamoja nami mwaka ule, ndiye atakayechagua. Mama hajui lolote kuhusu hili. Sehemu ya mwisho, pamoja na michembe, nimemwachia kijana aamue, ila nilimsimulia kisa cha Max Malini, mtu wa mazingaombwe aliyefariki mwaka 1942, ambaye alikuwa akila na watu kwa muda mrefu, kisha anaifunika sarafu kwa kofia pale pale mezani, na anapoiinua kofia pana bonge kubwa la barafu. Kijana alinisikiliza akiwa ameacha kunywa soda yake.

Nilimwomba meneja mambo mengine madogo ambayo yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Chini ya kitambaa cheupe patandikwe blanketi jepesi, kwa kuwa karata hazinyanyuki vizuri kwenye ubao mtupu na sarafu hulia zinapogusana nao. Mishumaa iwe mifupi, isisimame kati ya macho na mikono. Muziki upunguzwe kwa muda wa maonyesho, na wahudumu wajue dakika zetu ili asipite mtu na trei katikati ya jambo. Niliuliza pia kuhusu jenereta, na nikaonyeshwa.

Suala la malipo nalieleza kwa ufupi. Nimewahi kulipa malipo ya awali mahali fulani kwa mdomo tu, na siku ya siku nikakuta meza yangu imepewa watu wengine, kwa hiyo safari hii nilidai stakabadhi na barua inayotaja meza, saa na bei yenye kodi ya ongezeko la thamani ndani yake. Asilimia 18 ikiongezwa juu ya bili usiyoitarajia inaweza kumtoa mtu jasho mbele ya wageni. Kijana amelipwa nusu kwa simu, nusu atapata akimaliza, na sahani yake ya sangara imehesabiwa. Atakula kwenye meza safi kama sisi, baada ya kazi.

Kaka yetu wa pili anatoka Sengerema na mkewe. Zamani tungelazimika kuwatafutia malazi, kwa sababu ya kusubiri kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu daraja lile la takribani kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, wanaweza kula nasi hadi saa nne na bado wakalala kwao.

Limebaki la shangazi. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimpeleka kijana Nyakato. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda uani, anapembua karanga kwenye ungo. Kijana alichuchumaa, akamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba, mwanangu," bila kuinua macho. Nilimweleza shangazi kwa uwazi kwamba Alhamisi huyu kijana atatuchezea mazingaombwe, kwamba ni kazi aliyojifunza kwa mikono yake kwa miaka mingi kama mwingine alivyojifunza kushona, kwamba hana dawa wala kitu chochote kilichofichwa mwilini mwa mtu, na kwamba akisema hataki, hayatakuwepo. Hakujibu. Alimtazama kijana kwa muda mrefu, kisha akamwambia akunje mikono ya shati.

Kijana alikunja. Akatoa sarafu ya shilingi mia mbili, akaiweka katika kiganja cha kulia, akafunga ngumi, akapuliza, akafungua. Hakuna kitu. Akamwomba shangazi ainue ungo wake. Chini ya ungo, juu ya vumbi, palikuwa na shilingi mia mbili.

Moyo wangu ulisimama, kwa sababu shangazi alikuwa amekunja uso. Aliitazama sarafu, akautazama ungo, akautikisa karanga zikalia.

"Rudia," alisema.

Kijana alirudia. Safari hii shangazi hakumtazama usoni hata mara moja, na kijana alipomuuliza kama karanga ni za msimu huu hakumjibu. Sarafu ilipopotea katika mkono wa kulia, yeye alinyoosha kidole chake chenye vumbi la maganda na kuuelekeza mkono wa kushoto, uliokuwa umelegea juu ya goti kama mkono usio na habari.

"Iko humo."

Kijana aliufungua mkono wa kushoto. Ilikuwa humo. Alicheka, akakiri kwamba mtu aliyekaa upande huo, chini kiasi hicho, huona ambacho wengine hawaoni, na kwamba ni wachache wanaoweza kukataa kuinua macho wanapoulizwa swali. Shangazi naye alicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu alipohamia kwetu, akafuta macho yake mekundu kwa ncha ya kanga, akamwita kijana mwizi, kisha akamjazia karanga mifuko yote miwili. Tulipokuwa tunaaga aliniuliza meza hiyo ya Alhamisi imekaaje. Nilimchorea kwa kijiti ardhini: nusu mwezi, ukuta wa mawe, mama katikati. Alikichukua kijiti akaweka alama kwenye ncha ya kushoto, karibu kabisa na atakaposimama kijana, akasema kwamba yeye atakaa hapo.

Nimeshampigia simu meneja kubadilisha kiti. Kijana ameomba tukutane hotelini Jumanne kwa zoezi jingine, kwa ajili ya kiti hicho.